Sikio limeziba? Hakikisha imeandikwa ni lipi

UKIABIRI matatu mjini Timau na kuteremka hadi Isiolo, unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa muda mfupi tu. Katikati ya safari masikio yanaziba, unameza mate, yanafunguka, unaendelea na stori zako. Kwa wakazi wa Meru na Embu, wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hilo ni jambo la kawaida.

Lakini je, wiki tatu zikipita na bado unasikia watu kana kwamba wako chumba cha pili? Hiyo si safari tena. Ni suala la hospitali. Na huko kuna jambo ambalo vijana wengi hatulifuatilii: kile kinachoandikwa kwenye faili.

Tuanze na mwili wenyewe. Nyuma ya ngozi ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban milimita 36. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu Mwitaliano aliyeueleza katika karne ya 16. Ukimeza mate au kupiga miayo, mrija unafunguka na kusawazisha hewa.

Mafua, mzio wa vumbi au chavua, ama nyama zilizovimba nyuma ya pua vinaweza kuuziba. Watoto huathirika zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi na umelala. Sikio likiziba hivi huhisi zito, hulia, na kusikia hupungua. Mara nyingi hakuna homa wala usaha.

Sasa tuingie kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina orodha ya kimataifa inayoupa kila ugonjwa msimbo wake. Katika toleo la 10, mrija wa Eustachi ulioziba ni H68.1. Maji ndani ya sikio bila usaha ni H65. Maambukizi yenye usaha ni H66. Nta iliyoganda ni H61.2. Na maumivu ya sikio, bila chanzo kutajwa, ni H92.0.

Umeona? Mtu anaweza kusema "sikio langu limeziba" na akaishia kwenye mojawapo ya misimbo hiyo mitano. Matibabu nayo hutofautiana. Nta hutolewa. Usaha unaweza kuhitaji dawa za kuua bakteria. Mrija ulioziba kwa sababu ya mafua mara nyingi hufunguka wenyewe, na dawa hizo za bakteria hazitausaidia.

Afisa wa rekodi ndiye huweka msimbo, lakini haruhusiwi kubahatisha. Daktari au afisa wa kliniki akiandika tu "sikio linauma", afisa wa rekodi atabaki na H92.0, hata kama mgonjwa alieleza mengi mle ndani. Kisichoandikwa, kwenye rekodi ni kama hakikutokea.

Kisha kuna suala la upande. Marekani wameongeza tarakimu kwenye misimbo yao: H68.101 ni sikio la kulia, H68.102 la kushoto, H68.103 yote mawili. Lakini H68.1 ya WHO haisemi ni sikio gani. Upande unabaki kwenye maneno ya daktari peke yake. Asipoandika, umepotea.

Kwani upande una maana gani? Chukua mfano wa kijana wa miaka 25 anayeenda kliniki Runyenjes, baadaye Embu mjini, kisha Nkubu, na kila mahali daftari linasema "ugonjwa wa sikio". Hakuna anayegundua kuwa ni sikio lilelile la kushoto, mara tatu, bila mafua. Mtu mzima ambaye sikio moja limeziba kwa wiki kadhaa bila sababu anafaa kuchunguzwa nyuma ya pua, kwa sababu uvimbe huko, ikiwemo saratani, unaweza kuubana mrija. Mara nyingi si saratani. Lakini ili mtu aangalie, lazima kwanza aone kuwa tatizo linajirudia upande uleule.

Tatizo huzidi takwimu zinapopanda juu. Fomu za wizara za muhtasari wa wagonjwa wasiolazwa, MOH 705A kwa walio chini ya miaka mitano na 705B kwa waliozidi umri huo, huyaweka magonjwa ya masikio kwenye mstari mmoja. Kwa hivyo daftari na faili ya mgonjwa ndipo mahali pekee ukweli kamili unapohifadhiwa.

Ufanye nini basi? Ukiingia kwa daktari, taja mambo manne: ni sikio lipi, lilianza lini, kama kuna usaha au homa, na kama ulikuwa na mafua. Kabla ya kutoka, uliza kwa heshima: "Daktari, umeandika ni sikio gani?" Tunza kadi yako na uende nayo kila kliniki. Na tafadhali, usichokoe sikio kwa njiti.

Kwa wewe unayetafuta kozi, kazi hii ina nafasi yake. Chuo cha KMTC, chenye matawi Meru na Embu, hufunza taaluma ya rekodi za afya. Uliza ni tawi lipi linaitoa. Tangu 2016 ina sheria na bodi yake nchini. Wengi huidhania kuwa kazi ya kupanga faili tu. Lakini afisa anayerudisha faili kwa daktari na kuuliza "kulia au kushoto?" anaweza kumwokoa mtu ambaye hatawahi kukutana naye.