Bukavu: mwizi akiingia usiku, raia aite nani?

Mwezi wa pili 2025, M23 ilipoingia Bukavu, wafungwa walitoroka gereza kuu na silaha zikabaki mikononi mwa watu. Wizi wa usiku ukazidisha hofu Ibanda, Kadutu na Bagira.

Miaka ya nyuma, mji huu ulijaribu polisi ya karibu na raia, pamoja na Kananga na Matadi. Kanuni ilikuwa nyepesi: wakuu wa kata, vijana na akina mama waketi na kamanda, wamwonyeshe pa kuanzia, iwe njia yenye giza, nganda yenye kelele ao pombe kali inayouzwa kwa watoto.

Raia wakikosa wa kuita, wanapiga filimbi na sufuria, kisha wanamhukumu mshukiwa barabarani. Hapo hata asiye na kosa anaweza kuuawa.