Bushi Iliyouawa Siku ya Kufungwa

Mtu hubadilisha bushi za mbele za Corolla 110 yake, na baada ya miezi michache ule mlio wa ko-ko-ko unarudi kila apitapo kwenye tuta. Lawama huenda moja kwa moja dukani: nimeuziwa feki. Inawezekana, maana spea bandia zimejaa sokoni. Lakini bushi nyingi za namna hiyo zilitoka dukani zikiwa nzima, zikauawa na spana saa ileile zilipofungwa. Kosa lenyewe hufanyika gereji na nyumbani vilevile, kwa sababu gari likiwa juu ya jeki kila kitu huonekana kimekaa sawasawa.

Corolla hiyo, kama magari mengi madogo, hubebwa mbele na mfumo uliobuniwa katika miaka ya 1940 na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Alianza kuushughulikia akiwa General Motors, akahamia Ford, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaonekana kwenye Ford Consul na Zephyr za Uingereza. Ujanja wake ulikuwa kupunguza vyuma: shokapu na springi viliunganishwa kuwa nguzo moja, ncha ya juu ikafungwa kwenye bodi, na chini ukabaki mkono mmoja tu, ambao mafundi huuita aamu. Nje, aamu hushikana na gurudumu kwa boljointi. Ndani, hushikana na fremu kwa bushi.

Ukiitazama bushi unaweza kudhani ni kama beringi, kwamba aamu ikipanda na kushuka, bushi huzunguka kwenye bolti. Sivyo. Bushi ya kawaida ni vitu vitatu katika kimoja: kuna bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na mpira uliogandishwa kati yake. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye aamu. Lile la ndani hubanwa na bolti mpaka likawa kitu kimoja na fremu. Hakuna kinachozunguka, mpira ndio unaojinyonga huku na huku.

Sasa inua gari kwa jeki. Gurudumu linaning'inia na aamu inaelekea chini. Ukiikaza bolti hapo, umeuambia mpira kwamba huo ndio mkao wake wa kupumzika. Chukua aamu ya sentimita 35 ambayo ncha yake imeshuka sentimita 8: hizo ni nyuzi 13 hivi. Ukishusha gari chini, mpira unanyongwa nyuzi hizo 13 na kubaki hivyo usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Shimo la kwanza barabarani linaongeza mnyongo juu ya mnyongo. Mpira wa aina hiyo huanza kupasuka ukiwa mpya kabisa, hata kama ulinunuliwa kwa bei ya juu.

Dawa yake haihitaji kifaa cha ajabu. Bolti za bushi hushikizwa tu gari likiwa juu, kisha gari linashushwa, linabonyezwa mbele mara kadhaa ili mfumo ukae, na ndipo zinakazwa kwa kipimo huku magurudumu yakibeba uzito. Toyota yenyewe huelekeza hivyo katika vitabu vyake vya ufundi. Kama spana haifiki gari likiwa chini, pandisha magurudumu juu ya mbao nene au vipande imara vya gogo. Na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi.

Shokapu ina hadithi nyingine. Springi haimalizi nguvu ya shimo, huihifadhi na kuirudisha. Shokapu ndiyo inayoimaliza, kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo mpaka nguvu igeuke joto. Wengi huipima kwa kukandamiza boneti na kutazama gari linadunda mara ngapi. Kipimo hicho ni dhaifu. Bodi hucheza polepole, mara moja au zaidi kidogo kwa sekunde, lakini gurudumu lenyewe hupenda kucheza mara 10 hadi 15. Barabara ya vumbi yenye mawimbi yaliyoachana sentimita 90, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hulipiga gurudumu mara 12 hivi kila sekunde. Hapo ndipo shokapu iliyochoka huacha tairi liruke badala ya kushika njia, ingawa pale uani ilifaulu mtihani wa mkono.

Kuitoa nguzo nyumbani si kazi ya kutisha. Juu yake kuna nati tatu zinazoishika kwenye bodi, na katikati kuna moja peke yake. Zile tatu fungua. Ya katikati usiiguse, kwani ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Springi yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa milimita, ikibanwa sentimita 15, hubeba jouli 225: nguvu ya mfuko wa saruji wa kilo 50 uliodondoka karibu nusu mita, ila hapa yote inaingia kwenye kipande chepesi cha chuma kilicho mbele ya uso wako. Mimi ningeitoa nguzo nyumbani, nikaipeleka gereji yenye mashine ya kubana springi, nikairudisha mwenyewe. Vile vibanio vya skrubu vya bei rahisi sivipendi hata kidogo.

Kabla ya kufungua bolti mbili za chini ya nguzo, weka alama mahali zilipokaa, maana zinaamua mwinamo wa gurudumu. Alama hiyo itakufikisha kwenye mashine ya alaimenti, haitachukua nafasi yake. Mwinamo ukihama, uelekeo wa gurudumu nao huhama, na gurudumu ambalo mbele yake imegeukia ndani nusu nyuzi tu huburuzwa kando karibu mita 9 katika kila kilomita, na mita hizo hulipwa na tairi.