Bastola za Silinda: Nambari ya Risasi na Nguvu Yake

Wanaolinganisha bastola za silinda aghalabu huanza na nambari ya risasi, wakidhani kwamba nambari kubwa ndiyo nguvu kubwa. Dhana hiyo ina walakini. Risasi ya Kimarekani iitwayo .38 Special, ya mwishoni mwa karne ya 19, na ile ya .357 Magnum, iliyotolewa mwaka 1935, zina kichwa chenye kipenyo kimoja, yaani inchi 0.357, au milimita 9 hivi. Jina la “38” ni mabaki ya zamani, kipimo kilipokuwa cha ganda.

Nguvu zake, hata hivyo, hazikaribiani. Kichwa cha gramu 10 kikirushwa kwa .38 Special huwa na nishati ya jouli 270 hivi. Kwa Magnum nishati hiyo hupita jouli 700. Shinikizo la gesi ndani ya Magnum ni kama maradufu, na hapo ndipo penye hatari. Ganda lake lilirefushwa kwa milimita 3 na nusu hivi ili lisiweze kuingia katika bastola ya .38 Special, ambayo ingeweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Kinyume chake, bastola ya Magnum hupokea .38 Special bila madhara, ilimradi masizi yasafishwe matunduni. Kwa anayejifunza, hiyo ni faida kubwa kuliko nguvu zenyewe.

Uzito nao una sheria yake. Kwa risasi ile ile, bastola ikipunguzwa uzito nusu, mwendo wake wa kurudi nyuma huwa mara mbili. Bastola nyepesi, basi, hubebeka kwa raha na kupigwa kwa taabu.

Ama kuhusu miundo, Colt ya mwaka 1873 hudai nyundo ivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila mlio, na maganda hutolewa moja moja. Webley ya Uingereza hukunjuka kwa bawaba na kutupa maganda yote sita kwa pamoja, lakini kiungo chake hakistahimili risasi kali mno. Silinda inayofungukia ubavuni huiacha fremu nzima bila kukatwa. Ndiyo sababu Magnum zilijengwa hivyo. Nagant ya mwaka 1895, iliyotumiwa na Warusi, husogeza silinda mbele hadi iguse mtutu, gesi isivuje. Malipo yake ni kifyatulio kizito kupindukia.

Majeshi hayakuafikiana. Katika vita vya Ufilipino, vilivyoanza mwaka 1899, Wamarekani waliilalamikia .38 yao kuwa dhaifu, na bastola kuukuu za .45 zikatolewa tena maghalani. Waingereza walikwenda upande mwingine: mwaka 1932 waliiacha .455 na kuchukua Enfield ya .38, kwa kuwa askari wa kawaida hujifunza upesi zaidi kwa bastola nyepesi isiyorusha mkono sana. Na .38 hiyo ya Waingereza si .38 Special, ganda lake ni fupi na nene zaidi, wala hazifai kubadilishana.