Dingi anataka daktari, mwana anataka usukani

Ukitaka kujua nani mwenye sauti katika nyumba, subiri siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Hapo ndipo utakapomsikia baba akitangaza, "Huyu anakwenda kusoma sayansi, basi." Mama anasema ualimu haujawahi kumtupa mtu. Anko wa Arusha anapiga simu kushauri uhasibu. Na mwenye matokeo yake kajikunyata kwenye kona ya sebule kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Wiki mbili nilikuwa Karatu, ule mji unaoupita ukielekea kreta, nikipiga soga na vijana pamoja na wazazi wao juu ya jambo hili. Majina yao nimeyaacha makusudi, maana wengine bado wanakula sahani moja na sitaki kuwa chanzo cha ugomvi.

Karatu ya magari, Karatu ya vitunguu

Kwa asiyeufahamu, mji huu uko kwenye barabara itokayo Makuyuni kwenda lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro. Tangu lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari ya watalii yenye paa la kufunguka yanapita asubuhi kwenda, jioni kurudi. Nyuma ya barabara hiyo kuna Karatu nyingine: Wairaqw na mashamba yao ya ngano, mahindi na mbaazi, kahawa upande wa msitu, na kule bondeni Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, vitunguu vinavyojaza malori.

Kijana wa hapa anakua katikati ya dunia hizo mbili. Kila siku anamwona mwongoza watalii akishuka kwenye gari, buti safi, darubini shingoni, Kiingereza kinamtoka kama maji, na wageni wakiagana naye wanampa bakshishi ya dola. Dingi wake naye anamwona mtu huyo huyo. Ila anachokiona ni dereva.

"Dereva ni dereva tu, mwanangu. Avae kaki, avae suti, ni dereva," aliniambia mzee mmoja mkulima ambaye kijana wake wa kidato cha nne haoni wala hasikii isipokuwa simba na chui. Nikamweleza kwamba mwongoza watalii anatakiwa awe na leseni, ajue ndege kwa majina, ajue miti, ajue historia, na kwamba wapo waliosomea Mweka, kile chuo cha wanyamapori cha kule Moshi kilichoanzishwa mwaka 1963. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na ile korona ilipokuja, hao wenye leseni walikula nini?"

Hapo nikameza mate. Maana kila mtu Karatu anaukumbuka mwaka 2020. Wageni walikatika, magari yakaegeshwa, hoteli zikafunga, na vijana waliokuwa wakivuta mshiko wakarudi kushika jembe kwa hao hao wazee waliowacheka kwa kulima. Kwa hiyo tusiwaone wazee wetu washamba. Wakati wao wakiwa vijana, aliyejenga nyumba ya bati kijijini alikuwa mwalimu, mganga wa zahanati, bwana shamba au karani. Mshahara ulikuja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na uzeeni kulikuwa na pensheni. Mzazi anapokwambia "soma uwe mwalimu," anakuonyesha njia aliyoiona kwa macho yake ikimfikisha mtu.

Tatizo ni kwamba njia huota nyasi.

Aliyetii

Kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda nilikutana na kijana ambaye ana shahada ya ualimu. Ndiyo, umesikia vizuri, shahada. Sekondari alipenda mambo ya umeme. Redio mbovu zote za mtaa zilipita mikononi mwake. Baba yake akasema hapana, ukoo unataka mwalimu. Akatii. Akasoma masomo ya sanaa, akaenda chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, akamaliza. Mwaka wa sita sasa anaomba ajira na kila majina yakitoka, lake halimo. Bodaboda anayoendesha si yake.

Nikamuuliza kama ana kinyongo na mzee. Akacheka kidogo. "Kinyongo cha nini, kaka? Mzee aliniuzia ng'ombe wawili. Alinichagulia kwa macho ya mwaka 1985, hakujua kwamba dunia imegeuka." Akatulia, halafu akaongeza, "Kinachoniuma ni kwamba siku hizi hanitazami usoni. Tukila, anatazama ugali."

Msomaji wangu, maneno hayo nilitembea nayo kutwa nzima. Tunasema mtoto akilazimishwa anaumia. Mara nyingi tunasahau kuwa mzazi naye hubaki na deni ambalo hajui alilipe kwa sarafu gani.

Anayetaka grisi

Kuna na upande wa pili. Mama mmoja anayefanya biashara ya vitunguu ana binti wa miaka 17 ambaye anataka kuwa fundi magari. Haya magari ya watalii yanapigika vibaya kwenye vumbi na mawe ya Serengeti, kwa hiyo gereji za Karatu hazilali. Binti kaliona dili. Mama hataki hata kusikia. "Nani atamwoa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye mshenga. Binti akajibu kutoka jikoni, "Mama, wenye magari mabovu wako wengi, watakuja wenyewe!" Tukacheka wote, mama naye.

Lakini usifikiri mambo yaliishia kwenye kicheko. Mama ndiye mwenye mfuko. Kila senti ya daftari, sare na nauli imetoka kwenye magunia ya Mang'ola, na hilo binti analijua. Mwishowe shangazi mtu aliingia kati, wakapatana hivi: likizo moja nzima binti ashinde gereji kwa fundi wanayemfahamu, bila malipo. Akichoka, anakwenda uuguzi kama mama anavyotaka. Asipochoka, anatafutiwa chuo cha VETA. Nilipoondoka alikuwa wiki ya tatu na alishaungua kidole mara mbili. Hakuonekana kuchoka. Mama naye nilimfuma akiwaambia wanunuzi wake, "Binti yangu anafungua injini." Sauti ilikuwa ya kulalamika, ila tabasamu lilikuwa la kujisifu.

Watoto wa Oldupai

Usidhani haya ni mambo ya maskini tu. Ndani ya Ngorongoro hiyo hiyo, kwenye korongo la Oldupai, iliishi familia maarufu kuliko zote katika uchimbaji wa mabaki ya binadamu wa kale: Louis na Mary Leakey. Tarehe 17 Julai 1959 Mama Mary aliona pale fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na dunia nzima ikageuza shingo kutazama Tanganyika. Walikuwa na watoto watatu wa kiume waliokua kwenye mahema na vumbi la korongo hilo. Utasema hao kazi walishachaguliwa, sivyo?

Mkubwa, Jonathan, mwaka 1960 akiwa bado kijana tu aliokota pale Oldupai mabaki ya kiumbe ambaye mwaka 1964 alipewa jina la Homo habilis. Ungedhani ndiyo ameshafika. Jamaa akaondoka zake kwenda Baringo, Kenya, kufuga nyoka. Wa mwisho, Philip, akaingia kwenye siasa na akawa mbunge wa Lang'ata, Nairobi, kuanzia mwaka 1979. Wa katikati, Richard, aliapa kwamba hatafanya kazi ya wazazi wake. Akaacha shule, akajishughulisha na kunasa wanyama na kupeleka wageni safari. Karibu na umri wa miaka 20 akajikuta anaongoza msafara wa kutafuta mabaki huko Peninj, kando ya Ziwa Natron, ambako mwaka 1964 mwenzake Kamoya Kimeu aliona taya la kiumbe wa kale. Kuanzia hapo mifupa ikamteka. Akaja kuongoza makumbusho ya taifa ya Kenya, na mwaka 1989 akapewa shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Alifariki Januari 2022.

Unaona? Wote watatu walikulia kwenye kazi moja, mmoja tu ndiye aliyeirudia, tena baada ya kuikimbia. Huyo aliirudia kwa miguu yake mwenyewe.

Na pale ukingoni mwa kreta kuna kaburi ambalo watalii wengi husimama kulitazama. Ni la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani. Baba yake, Bernhard, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mtoto akaifuata njia ya baba kwa moyo wote: wote wawili wakajifunza kurusha ndege, wakaja kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile yenye milia ya pundamilia ikagongana na tai, Michael akafa. Alikuwa na miaka 24. Filamu waliyoitengeneza pamoja ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, mwenzake hayupo. Baba alipofariki mwaka 1987, alikuja kupumzishwa hapo hapo kando ya mwanawe. Sisemi mzee yule alikosea, kijana aliipenda kazi. Nasema tu kwamba mtoto akimpenda mzazi wake anaweza kumfuata mbali sana, kwa hiyo mzazi aangalie anaelekea wapi.

Kalamu na fimbo

Ukivuka lango la Lodoare, swali linabadilika kabisa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 ili Wamaasai, mifugo yao na wanyamapori waishi pamoja. Zamani kazi huko haikuchaguliwa. Ulizaliwa, ukachunga, ukawa moran, ukawa mzee. Urithi ulikuwa na miguu minne. Siku hizi watu wameongezeka, kulima hairuhusiwi, na tangu mwaka 2022 zipo familia zilizohamia Msomera, Handeni, jambo lililozua mvutano ambao unahitaji makala yake.

Katika hali hiyo, baba anachagua kazi ya mtoto mapema sana, pengine akiwa na miaka saba: huyu ataenda shule, huyu atabaki na ng'ombe. Kijana mmoja niliyemkuta Karatu akifanya kazi ya ulinzi aliniambia, "Kaka yangu alipewa kalamu, mimi nikapewa fimbo. Hakuna aliyeulizwa." Kaka mtu sasa ni mwajiriwa ofisini. Na huyu ndiye aliyelinda ng'ombe waliouzwa kumsomesha. Nikamuuliza kama kaka anamkumbuka. Akasema anatuma hela kila Krismasi. Hakuongeza neno.

Sasa tufanyeje?

Mzazi kumshawishi mtoto si dhambi. Hata akikaa kimya, anashawishi. Kwa kazi anayoifanya, kwa anayemsifia mezani, kwa ile kauli ya "mwone mwenzako mtoto wa jirani," keshakuchorea ramani. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni ana haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kusikilizwa, siyo kudekezwa. Hiyo inawezekana hata kwa mzee mkali kuliko wote.

Ewe kijana, nawe usije na ndoto mikono mitupu. Mzee akiuliza "utakula nini," hajakutukana, anataka hesabu. Nenda kakae na mwenye kazi hiyo hata wiki mbili, uone upande usiong'aa. Uliza inasomewa wapi, kwa miaka mingapi, kwa shilingi ngapi, na wageni wasipokuja utashika nini. Jua pia kwamba milango imeongezeka: mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikafika 65 kutoka 16. Ule wimbo wa kwamba asiyesoma sayansi kapotea umepitwa na wakati. Na ukiona huwezi kumkabili dingi, mtafute shangazi au mjomba anayeheshimika. Mila zetu zilishaweka watu wa kazi hiyo, kazi kwako kuwatumia.

Nawe mzazi, kabla hujasema "nimeshaamua," jiulize swali moja: mambo yakiharibika, ni nani atakayeishi na uamuzi huo miaka 40? Wewe umeijua dunia ya jana, mtoto anainusa ya kesho. Kila mmoja ana nusu ya ramani.

Yule mzee wa "dereva ni dereva" nilimpa wazo la kwenda kijana wake akiwa amefunga shule, amuulize mwongoza watalii yeyote mtu mzima lile swali lake la korona. Akasema atafikiri. Halafu, nikiwa nimeshapanda bodaboda, akapaza sauti: "Hivi huko Mweka ada yake ni shilingi ngapi?"