Nani apelekwe mafunzo ya usafi?



Kila mara shirika linapoomba kijiji kitoe mtu wa kufundishwa usafi, tunaona wanachagua kijana mwenye nguvu. Wanafikiri ni kazi ya fagio, ya kuchimba shimo na kubeba pompi. Kwa Iga Barrière, kilomita karibu 25 kutoka Bunia, ambako magari ya Mongbwalu na ya Mahagi yanapita kila siku, nguvu peke yake haitoshi.

Tuchukue panya, sababu anatugusa sisi wakulima. Ituri ni sehemu moja ya Congo ambako tauni, ile watu wanaita pesti, haijaisha. Upande wa Rethy wanaijua sana. Ugonjwa uko kwa panya, na viroboto ndio wanauleta kwa mtu. Na sisi, juu ya kuogopa wezi na vita, tunalala na mahindi na maharagi ndani ya nyumba moja. Sasa mtu asiyefundishwa anafanya nini? Anaweka sumu. Panya kumi wanakufa usiku mmoja, nyumba nzima inafurahi. Lakini kiroboto akiona panya wake amepoa, anatafuta damu ingine ya moto, na ya karibu ni ya mtoto aliyelala chini kwenye mkeka. Aliyejifunza kazi anaanza na dawa ya viroboto, panya wanafuata nyuma. Panya aliyekufa hamshiki na mkono mtupu. Na akisikia panya wanakufa wenyewe, bila sumu, anakwenda kituo cha afya siku ile ile, maana mwenye homa na uvimbe wa kwapa au kinena anaweza kupona akipata antibiotiki mapema.

Klori nayo iko na hesabu yake. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua karibu watu 2 300 huku mashariki, ndoo zilikuwa kila mlango. Klori ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa litre moja ya maji, hiyo ni ya kusafisha vyoo na vitu. Ya kunawa mikono ni mara kumi chini. Ukichanganya hizo mbili, ngozi inachubuka na watu wanaacha kunawa. Asiyeweza kugawa kwa kumi asipewe kijiko.

Tangu watu wa Djugu walianza kukimbia mwisho wa 2017, vyoo vingi vinachimbwa haraka haraka. Fundi anapima: mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na upande wa chini wa mteremko. Na wale wanaochoma dhahabu na zebaki ndani ya sufuria ya jikoni, yeye ndiye wa kuwaambia moshi ule ni sumu.

Basi tumeni mtu anayesoma na kuhesabu, anayekaa kijijini, na ambaye watu wanamsikiliza. Mara nyingi ni mama: ndiye anachota maji na kulinda ghala. Kabla ya kusaini karatasi, ulizeni siku ngapi ni za mazoezi, na kama msimamizi wa usafi wa zone ya afya atarudi kumwangalia kisha miezi tatu. Hata sisi wa gazeti hili tukija, mutuulize hivyo.