Namna ya Kupika Kahawa Yako Nyumbani na Kuijua Ladha Yake

Ndugu mulimaji, wewe unalima kahawa. Unajua kuipanda, kuikata matawi, kuichuma na kuiosha. Mikono yako inaijua tangu ni mbegu. Lakini ulimi wako, je, unaijua? Katika milima ya Kivu, toka Kabare na Kalehe mpaka kisiwa cha Idjwi, wako watu waliolima kahawa miaka mingi bila kunywa kikombe kimoja cha kahawa ya shamba lao. Wanaiuza yote, kisha wanakunywa chai.

Ubaya wake ni nini? Ubaya wake ni huu: mununuzi anaionja, wewe huionji. Mununuzi wa kahawa nzuri anakaanga kidogo, anasaga, anamwagia mayi ya moto, anaonja kwa kijiko, ndipo anakata bei. Mutu anayeuza kitu asichokijua ladha yake ni kama mutu anayeuza ng'ombe usiku: mwenzake anashika taa, yeye hana.

Walimaji wa pwani ya ziwa Kivu wanaijua taabu hiyo. Katika miaka ya vita vilivyoanza 1996, wengi walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, wakaiuza kwa bei ndogo, na wengine walikufa maji. Mwaka 2003 walimaji wa upande wa Minova walianzisha kooperative SOPACDI. Kooperative zingine zikajenga vile vile vituo vya kuosha kahawa, ili kahawa ya Kivu inunuliwe kwa sababu ya ladha yake. Basi sasa ladha ni mali. Mwenye mali asiyeijua mali yake atadanganywa.

Kwa hiyo tunakueleza hapa namna ya kupika kahawa nyumbani kwa chombo kinachoitwa kafetieri ya pistoni. Soma polepole, kisha fanya.

1. CHOMBO CHENYEWE

Kafetieri ya pistoni ni birika ya kioo au ya chuma. Ndani yake mna fimbo nyembamba, na chini ya fimbo kichungio cha waya. Unatia kahawa, unatia mayi, unangoja, kisha unasukuma fimbo chini. Kichungio kinashusha machicha, na kahawa safi inabaki juu. Huko Paris, mwaka 1852, watu wawili, Mayer na Delforge, walipata hati ya chombo cha namna hii. Mwaka 1929 Muitalia mumoja, Attilio Calimani, alipata hati ya chombo kilicho bora zaidi, kichungio chake kikishika vema pembeni.

Kwa nini tunachagua chombo hiki? Kwa sababu hakitaki umeme, hakitaki karatasi ya kuchungia, na kahawa yote inakaa ndani ya mayi yote kwa wakati mumoja. Hivyo ndivyo waonjaji wa kahawa wanavyofanya katika vikombe vyao. Utakayoyaonja wewe yatakuwa karibu na yale anayoyaonja mununuzi.

2. CHAGUA KAHAWA NZURI, SI MABAKI

Watu wengi wakitaka kunywa kahawa wanatwaa ile iliyokataliwa: mbegu zilizoelea, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Hapana kufanya hivi. Ukinywa mabaki utajua ladha ya mabaki tu. Weka kando kilo 1 ya kahawa ile ile unayoipeleka kuuza.

Kahawa hiyo iwe imekauka sawasawa. Iume kwa jino: ikibonyea, bado, ikiwa ngumu, imefika. Kisha itwange polepole katika kinu ili ganda kavu litoke, usiponde mbegu. Ipepete kwa ungo. Mwisho itandaze juu ya kitambaa cheupe na kuondoa kila mbegu nyeusi, yenye tundu, au iliyovunjika.

3. KUKAANGA

Washa moto wa makala, usiwe na moshi. Tia katika kikaango viganja viwili au vitatu vya kahawa, si zaidi, maana kikijaa sana mbegu za chini zitaungua na za juu zitabaki mbichi. Koroga bila kuacha kwa kijiko cha muti. Hapana kwenda kuita mutoto, hapana kwenda kusalimu mugeni.

Angalia rangi. Kwanza mbegu ni za kijani, kisha zinakuwa za manjano na kunukia kama mukate, kisha zinakuwa kahawia. Baada ya dakika 10 hivi, au 15, utasikia zinapasuka: ta, ta, ta. Zikiisha kupasuka na zikiwa na rangi ya kahawia sawasawa, ondoa upesi. Ukingoja mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta, utaonja moto tu. Ladha ya shamba lako itakuwa imekwisha kuungua.

Mwaga mbegu katika ungo, zipepete nje ili zipoe upesi na maganda membamba yaruke. Usishangae ukiona uzito umepungua: gramu 100 za kahawa mbichi zinabaki karibu gramu 85, maana mayi yaliyokuwa ndani yametoka. Weka kahawa katika kopo lenye kifuniko, ukae siku moja kabla ya kuinywa. Kwa nini kungoja? Kwa sababu kahawa iliyotoka motoni ina hewa nyingi ndani yake, na hewa hiyo inazuia mayi kuingia vizuri. Lakini usiiweke miezi. Ikipita majuma 3 harufu yake inapotea.

4. KUSAGA

Saga ile utakayokunywa leo, si zaidi. Kama una kinu kidogo cha kusaga kwa mukono, kifungue ili kahawa itoke kubwa, kama chembe za mchanga mukubwa wa mutoni. Kama una kinu cha kutwangia tu, twanga kidogo kidogo, kisha chekecha ili unga mwembamba uondoke.

Kwa nini tunaukataa unga mwembamba? Kwa sababu unapita katika waya na kuharibu kikombe, unatoa uchungu, na tena unaziba kichungio. Pistoni ikizibwa, mutu anaisukuma kwa nguvu, kioo kinavunjika, na mayi ya moto yanamuunguza yeye au mutoto aliye karibu.

5. KUPIKA

Kwa nusu litre ya mayi twaa gramu 30 za kahawa. Kama huna mizani, ni vijiko vikubwa 6 vya kusawazisha. Hiyo inatosha vikombe viwili vikubwa.

Kwanza: Chemsha mayi safi katika birika iliyofunikwa, ili moshi usiingie. Mayi yenye harufu yatatoa kahawa yenye harufu.

Pili: Suuza kafetieri kwa mayi kidogo ya moto, uyamwage. Chombo cha baridi kinapoza kahawa.

Tatu: Tia kahawa, kisha mimina mayi. Hapa angalia vema. Vitabu vya Ulaya vinasema: mayi yakichemka, ngoja kidogo yapoe, maana kahawa inataka mayi ya digri 92 mpaka 96. Maneno hayo ni kweli kwa mutu wa pwani ya bahari, ambako mayi yanachemka kwa digri 100. Lakini sisi tunakaa juu. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na huko mayi yanachemka kwa digri 95 tu. Milimani juu zaidi, kwenye metre 2000, yanachemka kwa digri 93. Basi wewe wa Kivu usingoje. Mayi yakichemka, mimina pale pale. Ukingoja, yatakuwa baridi mno.

Ine: Koroga mara moja kwa kijiko cha muti, funika, ukiacha pistoni juu. Ngoja dakika 4 kwa saa.

Tano: Fungua, koroga kidogo machicha yaliyo juu ili yazame, ngoja dakika 1 tena.

Sita: Sukuma pistoni polepole, kwa uzito wa mukono tu. Ikikataa, usishindane nayo. Ivute juu kidogo, kisha ushushe tena.

Saba: Mimina kahawa yote katika vikombe upesi. Ikibaki juu ya machicha inaendelea kuwa chungu. Machicha yapeleke katika shimo la mbolea. Osha kichungio mara moja, maana mafuta ya kahawa yakikaa yanaoza na kuharibu kahawa ya kesho.

Na mutu asiye na kafetieri? Afanye hivi hivi katika sufuria. Mayi yakichemka, aiondoe motoni, atie kahawa, akoroge, afunike dakika 4, akoroge tena na kungoja machicha yazame. Kisha amimine polepole kwa kitambaa safi. Asichemshe kahawa pamoja na mayi juu ya moto, maana hilo linaondoa harufu nzuri na kuleta uchungu.

6. KUONJA NA KUJUA

Usitie sukari kwanza. Onja ikiwa ya moto, onja tena ikiwa vuguvugu. Makosa mengi yanajificha katika joto, yanatokea kahawa ikipoa.

Makosa mengine ni ya mupishi. Uchungu mwingi: umekaanga sana, au umesaga laini sana, au umengoja sana. Kahawa nyepesi yenye uchachu mukali: umesaga kubwa sana, au mayi hayakuwa ya moto, au hukungoja dakika zote. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha mambo matatu siku moja, hutajua lipi lilikuwa kosa.

Lakini ukipika kila siku kwa kipimo kile kile, na kosa halitoki, basi kosa si la mupishi. Ni la kazi ya shambani au ya kuosha. Harufu ya siki au ya kitu kilichooza: kahawa ilikaa siku nyingi kabla ya kumenywa, au ilichacha kupita kiasi katika mayi. Harufu ya ukungu na udongo: ulianika chini, au ulikusanya kabla haijakauka. Harufu ya moshi: uliiweka karibu na jiko.

Liko kosa moja ambalo ni adui mukubwa wa kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi. Ni ladha ya kiazi. Unafungua kopo, unasaga, na mara moja unasikia harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Mbegu moja yenye kosa hilo inaharibu birika nzima, na kwa macho huwezi kuitambua kati ya mbegu zingine. Mununuzi akiipata katika kikombe anaogopa kununua mufuko mzima. Kosa hili linafuatana na mududu anayeitwa antestia, mwenye umbo la ngao ndogo, rangi nyeusi yenye alama za machungwa na nyeupe, anayenyonya matunda ya kahawa. Basi kata matawi ili mwanga uingie ndani ya muti, maana anapenda giza la majani. Muokote kwa mukono na kumuua. Chuma matunda yaliyoiva kwa wakati, usiyaache mutini wala chini. Tia matunda katika mayi kabla ya kumenya na kuondoa yote yanayoelea.

7. KUNYWA KWA AKILI

Kahawa ya kafetieri ina mafuta ambayo kichungio cha waya hakiyazuii, na ukinywa vikombe vingi kila siku yanazidisha mafuta mabaya katika damu. Mutu mwenye shida hiyo apitishe kahawa yake katika karatasi ya kuchungia. Mama mwenye mimba anywe kidogo, asipite vikombe viwili vidogo kwa siku. Tena kahawa ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kupata chuma cha maharagi na sombe. Basi ngoja saa moja baada ya kula. Watoto wadogo wape maziwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kunywa kahawa unayoiuza, si mabaki.
2. Kaanga mpaka rangi ya kahawia, si nyeusi.
3. Saga kubwa, leo kwa leo.
4. Gramu 30 kwa nusu litre, dakika 4.
5. Milimani mimina mayi pale yanapochemka.
6. Sukuma polepole.
7. Onja kabla ya sukari, kisha rudi shambani na kusahihisha kazi.

Ukifanya hivi kila mavuno, siku mununuzi atakaposema, «Kahawa yako ni mbaya,» hutanyamaza kama mutu asiyejua. Utamuuliza, «Mbaya namna gani? Ni moshi, ni ukungu, au ni kiazi?» Na kama si mbaya, utajua vile vile, nawe utaomba bei yake.