MPARACHICHI MCHANGA UKINYAUKA, ULIZA MIZIZI KWANZA

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mti mchanga, dalili ni majani. Lakini aliyeziona dalili bado hajajua chanzo, na mimi nililijua hilo baada ya kuua miche minne ya mama kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mama aliweka akiba ya pesa za majani chai, akanunua miche kumi ya parachichi aina ya Hass, ile iliyopandikizwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba baada ya miaka mitatu hivi ingeanza kuzaa, na karo ya mdogo wangu ingetoka hapo. Tukaipanda mwezi wa Aprili: sita kwenye mteremko nyuma ya nyumba, minne kule bondeni karibu na kijito, maana huku juu nafasi ilikuwa imekwisha kwa chai, mahindi na migomba. Nyote mnajua mashamba yetu ya Gusii yalivyo madogo.

Baada ya majuma matatu, ile minne ikalegea majani. Nikasema, "Hii ina kiu." Basi nikawa naimwagilia asubuhi na jioni, na mvua ya kwetu nayo inanyesha kila alasiri! Kuona haiponi, nikaiongezea konzi ya mbolea ya dukani. Jamani, haikupita muda ikakauka kabisa.

Mzee mmoja jirani akaja, akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, ikikatika kama kijiti kibovu.

"Kijana wangu, dawa ulimpa nani?"

"Mti, mzee."

"Uliuuliza unaumwa wapi?"

Nikainamisha kichwa. Siku hiyo akanifundisha kuupima mche kwa utaratibu, nami nawapa ninyi.

Kwanza, shika udongo. Chimba kando ya mche urefu wa kidole, uufinye. Ukitoa maji au ukinuka uvundo, usiongeze hata kikombe kimoja. Ukiwa vumbi mpaka chini, hasa Januari na Februari, basi hapo ni kiu kweli.

Pili, kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mche ungali hai, usiung'oe. Pakiwa pakavu na rangi ya kahawia, shuka chini ukwaruze tena. Ukikuta kijani chini ya kiungo cha kupandikizia pekee, jua kwamba Hass imekufa. Machipukizi yatakayotoka hapo ni ya shina la chini, na matunda yake hayatakuwa Hass hata ungoje miaka kumi.

Tatu, tazama shina. Kiungo hicho lazima kiwe juu ya ardhi. Kikifukiwa, ni rahisi kuoza. Utepe wa nailoni uliofungiwa ukiachwa baada ya kiungo kushikana, hukaba shina kadiri linavyonenepa. Angalia pia kazi ya mchwa, meno ya mbuzi na jeraha la jembe.

Nne, soma majani. Ncha zikiungua na kuwa kahawia, huenda mbolea ilizidi, au samadi mbichi iligusa mizizi. Mabaka yaliyochomeka upande unaotazama jua ni ya mche uliotolewa kivulini ghafla. Majani ya manjano kwenye udongo uliojaa maji yanakurudisha kwenye mizizi.

Tano, fukua taratibu upande mmoja. Mizizi yenye afya ina ncha nyeupe. Ikiwa imejizungusha kama kamba, mche ulikaa mno kitaluni. Na msicheke, wengine hukuta mfuko wa plastiki bado umo!

Mizizi ikiwa myeusi, adui mkubwa anayeshukiwa ni kijidudu kiitwacho Phytophthora cinnamomi. Kilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka wa 1922, kutoka kwa midalasini ya Sumatra, na leo kinasumbua miparachichi duniani kote. Mbegu zake huogelea katika maji ya udongoni, na husafiri kwa matope ya jembe, ya viatu na ya miche yenyewe. Mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo mche hufa kwa kiu huku umesimama majini, na mwenye shamba anazidi kuumwagilia. Kwetu Kisii na Nyamira, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, kosa hili ni jepesi sana kufanywa.

Tiba ni ngumu, kinga ndiyo rahisi. Panda mtelemkoni. Pakiwa tambarare, panda juu ya tuta na uchimbe mfereji. Shimo liwe futi mbili kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Usirudishie mche mwingine katika shimo la mgonjwa, na uoshe jembe ulilolitumia hapo. Nunua miche kwenye kitalu kilichokaguliwa. KEPHIS ndilo shirika linalosimamia afya ya mimea nchini.

Ile sita ya mteremkoni ipo. Mitano imenipita kimo, mmoja bado unasitasita. Mama hajanitajia tena ile minne, ila kila nikishika ndoo ananiuliza, "Umeshika udongo kwanza?"

Nami nakuuliza wewe, msomaji: mche wako ukinyauka kesho, utakimbilia ndoo au utainama ushike udongo?